Lori la dizeli lenye injini mbovu: linunuliwe au liachwe?

Lori lililotumika lenye injini mbovu huuzwa kwa bei inayomvuta mtu. Muuzaji naye ana maelezo tayari: ni nozeli, ni gasketi, ni pampu, fundi atamaliza kwa siku mbili. Huenda ni kweli. Lakini moshi, mlio na joto la injini ni dalili, na dalili moja inaweza kutokana na hitilafu ndogo au na hitilafu inayozidi thamani ya lori zima. Msimamo wangu ni huu: usinunue dalili. Nunua hitilafu ambayo umekiona chanzo chake, la sivyo lipa bei ya lori lisilo na injini kabisa. Katikati ya hayo mawili ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Hatua ya 1: Kagua lori kabla ya injini

Wengi wakifika hukimbilia injini. Mimi nashauri kinyume. Injini hushushwa, hufanyiwa ovaholi (hufunguliwa yote na kubadilishwa vilivyolika), hata hubadilishwa nzima. Chasisi iliyopinda au kupasuka ni habari nyingine. Ingia chini ya lori na tochi, ufuate reli zote mbili za chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Kazia macho pale zinapofungwa springi, nyuma ya kebini, na kila palipotobolewa tundu. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi. Ukikuta alama za kuchomelea, uliza zimetokana na nini, na usiridhike na jibu la mkato. Kisha chukua futi ya utepe upime kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana sana, ekseli imehama au chasisi imekwenda mshazari.

Giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) hazipimiki vizuri lori likiwa haliendi, lakini oili yake husema mengi. Legeza nati ya kumwagia, upokee kiasi kidogo kwenye kopo safi. Weusi wa oili si hoja. Hoja ni vipande vya chuma. Shika propela shafti uizungushe huku na huku. Mchezo kidogo ni kawaida, ila ikigonga kwa sauti kabla ya kushika, krosi (kiungio cha shafti hiyo) au difu imelika. Breki za upepo nazo unaweza kuzijaribu hata injini ikiwa imekufa: jaza matangi kwa kompresa ya nje, tulia, usikilize panapovuja.

Tairi zina tarehe ya kutengenezwa, nayo ni tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Seti nzima ya tairi za lori ni gharama nzito, na mara nyingi haimo kichwani mwa mnunuzi anayewaza injini tu.

Chasisi ikiwa na ufa mkubwa au ikiwa imepinda, ondoka. Hakuna injini itakayoliokoa lori hilo.

Hatua ya 2: Namba na karatasi

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kibati na kwenye kadi ya umiliki. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini, maana lori la umri mkubwa huenda limeshabadilishiwa injini na karatasi hazikufuatishwa. Hakikisha halidaiwi mkopo wala kodi. Ukiona alama za tupa au grenda kuizunguka namba, usiendelee hata kama bei ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya 3: Fika injini ikiwa baridi

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku (mwili wa injini). Ikiwa ni vuguvugu, umeukosa ushahidi muhimu kuliko wote, na ni haki yako kusema utarudi kesho asubuhi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini nyingi za lori huibana hewa hiyo kwa uwiano wa 16 hadi 18 kwa 1. Baadhi ya za zamani hupita 20. Ringi za pistoni zikichoka au valvu zikivuja, hewa hutoroka, joto halitoshi, na injini hugoma asubuhi hata kama mchana huwaka kwa kuguswa tu.

Isikilize stata inapozunguka. Mdundo unapaswa kuwa sawa. Ikienda nzitonzito kisha ikapata wepesi wa ghafla, ikarudia hivyohivyo kila mzunguko, kuna silinda isiyobana. Muuzaji akitoa kopo la etha apulize kwenye njia ya hewa ili iwake, umeshajua kwamba kompresheni (nguvu ya kubana hewa), dizeli au hita plagi (plagi ya kupasha joto silinda wakati wa kuwasha) ina shida. Na hita plagi zikiwa na moto, etha inaweza kulipuka na kuvunja pistoni.

Ikishawaka, tazama moshi, na uutazame tena injini ikipata moto. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa chache: filta ya hewa iliyoziba, bomba la turbo lililopasuka, nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Mara nyingi hii ndiyo habari njema kuliko zote. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ikipitia kwenye ringi, kwenye sili za valvu au kwenye turbo. Moshi mweupe una sura mbili. Ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, dizeli haiungui, kwa sababu ya baridi, kompresheni ndogo au taimingi (wakati wa kunyunyiza dizeli) iliyoharibika. Ukipungua injini ikipata moto, si wa kutisha sana. Ukiwa na harufu tamutamu na kuendelea hata injini ikiwa ya moto, maji ya rejeta yanaingia silindani.

Sasa fungua mfuniko wa kujazia oili, uugeuze juu chini, uuweke juu ya tundu lake bila kuufunga, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa). Ukitetemeka kidogo, sawa. Ukirushwa, au tundu likipumua moshi mzito kwa mikupuo na kijiti cha oili kikisukumwa kutoka mahali pake, gesi ya mwako inashuka ikipita kwenye ringi. Hapo mazungumzo ya nozeli yamekwisha. Hiyo ni ovaholi. Isipokuwa jambo moja: hakikisha kwanza kwamba bomba la kupumulia la injini halijaziba, kwani likiziba huleta dalili hiyohiyo kwa gharama ndogo sana.

Tahadhari ambayo sitaki uipuuze: turbo iliyokufa sili inaweza kuimwagia injini oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa, injini ikapanda mizunguko bila kukanyagwa, na kuzima ufunguo kusisaidie kitu. Kinachoizima ni kukatiwa hewa, kwa ubao mgumu kwenye mdomo wa njia ya hewa au kizima moto cha kaboni dioksidi (CO2), kamwe si kwa mkono. Gari la gia za mkono unaweza kulitia gia kubwa, ukakanyaga breki na kuachia klachi. Ukishindwa, waondoe watu.

Hatua ya 4: Oili, filta na maji

Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa hiyo usihukumu kwa rangi hiyo. Hukumu kwa mengine. Ikivuka alama ya juu ya kijiti na kunuka dizeli, kuna nozeli au pampu inayovujisha ndani, na oili iliyochanganyika na dizeli hulisha beringi vibaya. Ikigeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia. Ute mweupe chini ya mfuniko peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Injini inayowashwa kwa dakika chache kila siku hujikusanyia unyevu pale.

Filta ya oili ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Omba ruhusa uitoe, ukija na mpya ya kurudishia. Ikate kwa kikata filta, si kwa msumeno, maana msumeno huongeza chembe zake. Toa karatasi ya ndani, kata kipande, kikamue oili, kisha kikunjue mkunjo kwa mkunjo juu ya kitambaa cheupe palipo na mwanga mkali wa jua na ukigeuzegeuze. Vumbi jeusi ni masizi, hayo ni kawaida. Vinavyometa ndivyo unavyotafuta. Pitisha sumaku chini ya kitambaa: vinavyoifuata ni chuma, kwa mfano cha ringi, slivu (mkebe wa ndani wa silinda), gia au kemu (mhimili unaofungua valvu). Vinavyobaki ni madini laini. Vikiwa na rangi ya shaba, mara nyingi tabaka la juu la beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini) limekwisha na tabaka la chini linakwanguliwa. Vimeta viwili vitatu si msiba kwa injini ya umri mkubwa, lakini mkunjo mzima ukimeremeta, krenki iko hatarini. Mahali penye maabara ya oili, peleka sampuli. Kipimo cha chuma, shaba, risasi na vumbi la mchanga kitakwambia kilichofichika kwa gharama ndogo kuliko tairi moja.

Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Maji yenye utando wa oili huwafanya watu waseme gasketi moja kwa moja. Polepole. Injini nyingi za lori zina kipozea oili kinachopitisha maji na oili karibu karibu, na kikitoboka oili huingia kwenye maji kwa sababu presha yake ni kubwa zaidi injini ikifanya kazi. Oili ikiwa kwenye maji lakini kusiwe na maji kwenye oili, kipozea hicho ndicho cha kushukiwa kwanza, na hiyo ni kazi ndogo kuliko kufungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Kwa upande mwingine, mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka, au mipira ya rejeta iliyokaza kwa presha asubuhi kabla hujawasha, huelekeza kwenye gasketi au hedi iliyopasuka.

Hatua ya 5: Vipimo vya fundi wako

Fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Kipimo cha kwanza ni kompresheni, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haihimili. Injini nyingi zenye afya husoma kati ya bar 25 na 35, lakini kinachotangulia ni usawa: tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban asilimia 10, na betri iwe imejaa ili stata izunguke kwa kasi inayostahili. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake. Fundi akitaka kumwaga oili silindani ili kupima ringi, mkataze. Nafasi iliyo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo, oili huijaza, geji ikasoma juu bila sababu, na ikizidi inaweza kupinda koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki).

Bora ajaze hewa ya kompresa kwenye silinda ambayo pistoni yake iko juu kabisa na valvu zake zimefungwa, kisha msikilize inakotorokea. Hewa ikitokea kwenye njia ya hewa ya kuingilia, ni valvu ya kuingiza. Ikitokea ekzosi, ni valvu ya kutoa moshi. Ikitokea kwenye tundu la oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi, hedi au slivu. Kwa kipimo hiki kimoja dalili inakuwa na chanzo.

Presha ya oili ipimwe kwa geji ya kweli iliyofungwa kwenye bloku, injini ikiwa ya moto, na ilinganishwe na kitabu cha injini hiyo. Geji ya dashibodi haitoshi.

Injini za komoni reli (zenye reli moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote) zinahitaji kompyuta na kipimo cha dizeli inayorudi kutoka kila nozeli. Nozeli inayorudisha nyingi kupita wenzake imechoka. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi huweza kulegeza paipu ya nozeli moja moja ili kutafuta silinda inayogonga. Kwenye komoni reli hilo ni marufuku kabisa. Presha humo hupita bar 1,600 kwenye mifumo mingi, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi na kuingia mwilini. Mtu akipatwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni tundu la sindano.

Hatua ya 6: Pima uzito wa hitilafu

Nozeli, hita plagi, filta, pampu ya maji, thamostati, paipu za turbo, hata turbo yenyewe: hizi ni hitilafu za nje ya injini. Gharama yake hujulikana kabla, na mara chache hushtukiza.

Gasketi ya hedi iko njia panda. Bei ya gasketi si kitu. Swali ni kwa nini iliungua. Injini ikichemka, hedi hupinda au kupasuka, kwa hiyo lazima ipelekwe karakana ya mashine ipimwe unyoofu na kujaribiwa kwa presha. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Fundi asiyepima hilo, na anayerudisha bolti za zamani pale mtengenezaji anapotaka mpya, atakurudisha barabarani kwa muda mfupi tu.

Ringi, slivu na beringi ni ovaholi kamili. Si sababu ya kukimbia, mradi krenki bado inaweza kuchongwa. Krenki huchongwa kwa ngazi, kwa kawaida milimita 0.25 kila mara, na beringi zake huuzwa kwa vipimo hivyo. Ikiwa imeshafika ngazi ya mwisho, unatafuta krenki nyingine. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei, ulizia vipuri kwa namba ya injini: slivu na pistoni, beringi, seti ya gasketi. Injini ya aina adimu huweza kukaa imefunguliwa miezi ikisubiri kipande kimoja.

Mawili mimi huyaogopa. La kwanza ni bloku iliyopasuka au kutobolewa na koni rodi. La pili ni pampu ya presha ya komoni reli iliyojisaga, kwa sababu chembe zake husambaa kwenye reli, nozeli, paipu na kurudi tangini. Ukibadilisha pampu peke yake, chembe zilizobaki zitaiua mpya. Hesabu mfumo mzima wa dizeli.

Hatua ya 7: Piga hesabu kutoka mwisho

Usianze na bei ya muuzaji. Anza na bei ya lori kama hilohilo, umri na aina ileile, likiwa zima na linafanya kazi. Iite 100. Tuseme matengenezo yaliyopimwa, yaani vipuri, ufundi na karakana ya mashine, ni 25. Kulivuta pamoja na oili, filta na maji ni 4. Tairi na betri ni 8. Ongeza akiba ya yasiyotarajiwa: mimi huweka asilimia 30 ya matengenezo iwapo chanzo kimeonekana, na asilimia 50 au zaidi iwapo injini haijafunguliwa. Hapa tuchukue 30, yaani 7.5. Jumla ni 44.5.

Je, utoe 100 kwa 44.5 uone kwamba 55.5 ni bei ya haki? Hapana. Lori zima linaanza kazi kesho. Hili litalala karakana, wewe ukisimamia, bila kuingiza chochote. Ninachokiona cha haki ni jumla yote isipite 80. Basi bei ya juu ya kumpa muuzaji ni 35.5. Akitaka 45, utafika 89.5, na umejitwika kazi na hatari yote ili uokoe 10.5. Kwa lori la kutafutia riziki, sioni faida hapo.

Hatua ya 8: Lisipowaka kabisa

Angalia vitu vidogo kwanza: betri, waya za ardhi, solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata dizeli), dizeli yenyewe na maji kwenye filta. Kisha lizungushwe kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye nati ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, kwa sababu mzunguko wa kazi wa injini ya mipigo minne ndio huo. Likigota mahali pamoja, usilazimishe. Nozeli zitolewe kwanza, huenda kuna maji silindani. Lisipozunguka hata hivyo, na muuzaji akakataa hedi ifunguliwe, liandikie hesabu ya injini nyingine nzima. Injini ya mtumba nayo ipimwe kwa hatua hizihizi, na kwa malori ya kompyuta uliza kabla kama itakubaliana na kontroli boksi ya gari.

Hatua ya 9: Makubaliano na kuliondoa

Kama muuzaji anahitaji uhakika kabla ya kuruhusu injini ifunguliwe, toa malipo ya awali kwa maandishi, yakitaja kwamba yatarudishwa iwapo kitakutwa kitu fulani: bloku iliyopasuka, krenki isiyochongeka. Taja vitu hivyo kwa majina. Andikeni pia nani atalipia gasketi na kazi ya kurudishia iwapo hamtakubaliana.

Lori bovu lenye breki za upepo halivutwi hivihivi. Bila upepo breki za springi hushika zenyewe, kwa hiyo ama zijazwe upepo kutoka nje, ama fundi azibane kwa bolti zake maalumu baada ya kuweka vigingi kwenye magurudumu. Propela shafti ifunguliwe upande wa difu, kwa sababu giaboksi nyingi hujipakia oili injini ikizunguka tu, na kuvutwa mwendo mrefu kunaweza kuziunguza beringi zake. Stelingi itakuwa nzito, na likivutwa, ndani lazima awepo dereva anayejua hilo. Likipandishwa kwenye lobedi (trela la chini la kubebea magari), hayo mawili ya mwisho hayakusumbui, na gharama ya lobedi iwe ndani ya ile 4 tangu mwanzo.